Kilo 103 na mshipa wa mguu wa kushoto: nianze na kisu, sindano au mizani?

Mama Chapati

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa nimelala chali, mguu wa kushoto nimeuegemeza juu ya mfuko wa ngano, maana hapo ndipo unapotulia.

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza chapati na supu hapa Mtwara mjini. Nasimama kwenye chuma kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa sita mchana. Msimu wa korosho nasimama mpaka jua linazama, kwa sababu madereva wa malori hawana saa ya kula. Nina kilo 103 na urefu wa sentimita 161. Nimezitaja mwanzoni kabisa ili asije mtu kuniuliza kwa kebehi huko chini.

Mshipa unaanzia ndani ya paja, unateremka pembeni ya goti, halafu kwenye shavu la mguu unajikunja kama mzizi wa mkorosho uliokutana na jiwe. Ulianza na mimba ya tatu, na huyo mtoto sasa ana miaka kumi na tisa. Nikisimama unajaa, nikilala unanywea mpaka naupapasa siuoni. Nilikuwa nimeshauzoea. Lakini tangu mwezi wa nne, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, pameota doa la kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe. Magharibi ikiingia linawasha mpaka nalikuna kwa mgongo wa mwiko. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na donda ndugu mahali hapo hapo, akafa nalo. Kwa hiyo nimeogopa.

Nimeshazunguka. Kituo cha kwanza, sikitaji, nilimkuta daktari kijana, mpole tu. Nilikuwa nimeshapandisha khanga mpaka gotini. Hakuinuka kitini. Akasema, "Funika tu mama, punguza kwanza mwili halafu uje." Nikamuuliza nipunguze mpaka kilo ngapi. Akasema, "Wewe punguza tu." Jamani, mimi mteja akiniambia nipunguzie, namuuliza mpaka ngapi. Hakuna biashara ya "punguza tu".

Wa pili alikuwa daktari wa upasuaji aliyekuja na kambi ya madaktari bingwa. Huyo alipiga magoti chini akautazama mguu nikiwa nimesimama, akaubonyeza kwa vidole viwili juu na chini. Akasema anaweza kuchana kinenani, auvute mshipa wote utoke, kwa ganzi ya mgongo. Ila kwa mwili wangu kidonda cha kinenani kinaweza kusumbua. Akaongeza kwamba siku hizi wako wanaouchoma kwa ndani bila kuchana, na wengine wanapiga sindano ya povu la kuufunga mshipa, na kwamba kabla ya yote nipimwe dopla, ile ultrasaundi ya kuona damu inavyopita mishipani. Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kumuuliza ipi inamfaa mtu mnene.

Mpwa wangu naye akaniletea soksi za kubana kutoka Kariakoo, kachagua kwa macho. Zilijiviringisha chini ya goti zikanikaba kama mpira wa kufungia mfuko. Jioni mguu ulikuwa na pete nyekundu na chini yake umevimba zaidi.

Na majirani wao wameshaamua: matende.

Akiba niliyonayo ni ya mara moja tu, pesa ya mikorosho yangu ya urithi. Nikikosea sina nyingine mpaka msimu ujao. Mliopitia haya, hasa wenye miili kama yangu, niambieni mlichagua nini na kwa nini.

Mkulima wa Nanyamba

Pole sana dada yangu. Mimi nilichanwa mwaka 2012, mguu wa kulia. Nilikuwa nabeba magunia ghalani. Kinenani wakachana, chini ya goti wakachana, wakauvuta kama unavyovuta kamba kwenye suruali ya mtoto. Nikafungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka pajani. Wiki sita sikushika gunia. Paja lilipiga weusi, mke wangu akaogopa kunigusa.

Kusema kweli ule mshipa mkubwa haujarudi mpaka leo. Vijishipa vidogo kwenye muundi vimerudi, lakini haviumi. Shida ilikuwa kinenani, palitoa majimaji siku kumi na sita. Na mimi wakati huo nilikuwa kilo 61 nikiwa nimelowa mvua! Sasa wewe dada, hapo kwenye mkunjo panapotoka jasho muda wote, na joto letu hili la Desemba, mh. Sikutishi, ila ulizia hilo kwanza.

Jingine, mimi sikupimwa hiyo dopla. Waliangalia kwa macho. Leo nisingekubali.

Tiba Asilia Masasi

Mama achana na mahospitali utapoteza pesa. Hiyo ni damu chafu imeganda. Paka shubiri na siki, halafu unachanjwa chale saba juu ya mshipa damu mbaya inatoka, wiki tatu mguu kama wa binti. Nitafute pembeni.

Mama Chapati

Shubiri nimeshapaka, kilichopona ni mkono wa kupakia. Chale hapana. Mshipa huu nikiugonga na ukingo wa meza tu moyo unaruka.

Mkulima, asante. Hizo siku kumi na sita za majimaji nimezinakili.

Nesi Mstaafu, Lindi

Nimenyamaza nikisoma, lakini hapo kwenye chale imebidi nivae miwani. Jamani, MSICHANJE CHALE juu ya mshipa uliovimba. Damu ya humo imekaa kwa shinikizo, kama maji ya tangi lililo juu ya paa. Ukitoboa, inaruka. Watu wamekufa kwa kutokwa damu kwenye mshipa wa mguu uliopasuka, wengine wakiwa wameketi kitini wanasubiri ikome yenyewe. Ikikutokea siku yoyote, kwa chale au kwa kujigonga: lala chini hapo hapo, mguu uinuliwe juu kuliko kifua, mtu abonyeze palepale panapotoka kwa kitambaa safi, dakika kumi bila kuchungulia. Usifunge kamba juu yake. Halafu uende hospitali.

Sasa nije kwako mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, nimefunga vidonda vya aina ya bibi yako mpaka nikavichoka, kwa hiyo nivumilie kwa urefu.

Tuanze na matende, maana huku kwetu Lindi na Mtwara mguu ukivimba hakuna anayewaza kingine, na wana sababu: ugonjwa upo, kingatiba tumemeza miaka mingi. Fanya hivi: shika ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, ujaribu kuifinya iinuke. Ikiinuka kama ngozi ya mkono, si rahisi kuwa matende. Ikigoma, ni nene kama ganda la chungwa, hapo nenda ukapimwe matende. Na matende yaliyokomaa hayanywei ukilala usiku mmoja. Mshipa wako unanywea.

Kinachotokea humo ndani ni hiki. Vena za miguu, yaani mishipa ya kurudisha damu kwenye moyo, zina vali, vilango vidogo vya kuruhusu damu ipande na kuizuia isirudi. Vilango vikilegea damu inateremka, inakaa, mshipa unatanuka na kujikunja. Mimba zinachangia, kurithi kunachangia, kusimama palepale kwa muda wa saa nane kunachangia. Na mwili mnene unachangia kwa njia ambayo watu hawaijui: tumbo zito linabana vena kubwa za nyonga, damu ya miguuni inakosa njia ya kupanda. Ndiyo maana hata baada ya kutibiwa, kwa mtu mnene sana nafuu huwa ndogo zaidi na uvimbe hurudi kirahisi. Yule daktari kijana hakudanganya kwa hilo. Alikosea kutokuinuka kitini.

Kwa nini nasema alikosea: kupungua uzito hakurudishi vali iliyokufa. Hata ukifika kilo 60 mshipa utakuwepo, na mafuta yakiondoka utauona zaidi kuliko sasa. Kupungua kunasaidia maumivu, uvimbe, ganzi, kidonda kupona, na kuzuia mwingine usiharibike. Hizo ni sababu nzuri sana. Lakini doa la kahawia linalowasha ni ngozi inayoanza kuharibika kwa shinikizo, na hatua inayofuata inaweza kuwa hiyo ya bibi yako. Mtu mwenye doa hilo anatakiwa aonwe na mtaalamu wa mishipa sasa, uzito na matibabu viende pamoja. Wapo wataalamu ambao kwa wanene kupita kiasi huomba wapungue kwanza, na wana hoja. Wewe kwa kilo zako na urefu wako uwiano wa uzito na urefu (BMI) unakaribia 40, uko mpakani mwa kundi hilo, kwa hiyo unaweza kusikia hivyo tena. Ukisikia, uliza kilo ngapi na kwa muda gani. Ukipunguza kilo tano mpaka kumi kwa mwili wa 103, presha na sukari vinaonyesha tofauti, na mganga wa ganzi atakupenda.

Kuhusu kuchagua. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unapanga hivi: kwanza kuuchoma mshipa kwa joto kwa ndani, leza au mawimbi ya redio. Isipofaa, sindano ya povu. Isipofaa, ndiyo kuchana na kuvuta. Soksi peke yake ni kwa yule ambaye hayo mengine hayamfai. Mpangilio huo ni wa watu wote, lakini kwa mnene ndiyo una maana zaidi. Kuchana kinenani kwa mtu mwenye mkunjo wa tumbo ni kuweka kidonda mahali penye jasho, na ganzi ya mgongo kwa mgongo wenye nyama nyingi hutafutwa kwa tabu. Kwenye joto wanatoboa tundu dogo karibu na goti, wanapitisha waya ndani ya mshipa wakiutazama kwa ultrasaundi, wanamwaga maji ya ganzi kando yake, wanauchoma unajifunga. Hulazwi. Unashuka kitandani unatembea.

Povu ni rahisi zaidi na halihitaji mashine kubwa, ila kwenye mshipa mnene mara nyingi linarudiwa, kwa sababu kiasi cha kupigwa siku moja kina kikomo na mshipa unaweza kufunguka tena. Kwa mwenye akiba ya mara moja, lifikirie hilo.

Lakini yote hayo ni porojo kabla ya dopla. Dopla inaonyesha vali ipi mbovu na, kubwa kuliko hilo, kama vena za ndani ziko wazi. Ikiwa za ndani ziliwahi kuziba kwa damu kuganda, huu wa nje unaotaka kuuchoma unaweza kuwa ndiyo njia ya kutegemea. Anzia Ligula au Hospitali ya Kanda kule Mitengo, uulize hivi hivi: "Kuna anayepima dopla ya vena za miguu, mgonjwa akiwa amesimama?" Wakisema hapana, omba barua ya rufaa ya kwenda Muhimbili ikiwa imeandikwa hilo doa la ngozi. Barua ikisema "miguu inauma" tu, utarudishwa na dawa za maumivu.

Mwisho, unatumia dawa gani? Presha? Sukari? Uzazi wa mpango?

Kijana wa Shangani

Maelezo mareeefu. Mama, jibu si unalo mwenyewe? Acha chapati.

Mama Chapati

Kijana, chapati nauza, sizili. Anayekula mtaji wake halipi kodi ya kibanda. Ninachokula ni ugali wa muhogo saa nne usiku, sahani ya mtu mzima aliyeshinda njaa, halafu nalala nao. Kosa langu liko hapo na nalijua, hukuwa na haja ya kunitafutia jingine.

Shikamoo Nesi. Nimefinya kidole cha pili, ngozi imeinuka miguu yote miwili. Nimemwita jirani aje ashuhudie, naye akafinya cha kwake.

Dawa: presha natumia amlodipini ya 10 tangu mwaka juzi. Sukari nilipima mwezi uliopita, iko sawa. Uzazi niliacha vidonge zamani. Na sasa umenikumbusha jambo: vifundo VYOTE viwili vinavimba jioni, hata wa kulia usio na mshipa. Nilijua ni uzito.

Nesi Mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu. Hapo umeniondolea nusu ya mzigo. Amlodipini, hasa hiyo ya 10, inajulikana kwa kuvimbisha vifundo, na vidonge vya mkojo haviutoi uvimbe wake vizuri. USIIACHE mwenyewe, presha ikipanda ni hatari kuliko mguu. Nenda na boksi la dawa kwa daktari wako, mwambie uvimbe wa miguu miwili ulianza lini na dawa ilianza lini. Zipo dawa nyingine za presha. Miguu yote miwili ikivimba wapime pia figo na moyo, ni vipimo vya kawaida.

Halafu soksi usizichome moto. Tatizo ni kipimo. Unapimwa asubuhi kabla hujashuka kitandani: kifundo mahali pembamba, shavu la mguu mahali panene, na urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya goti. Tumia futi ya fundi cherehani. Za kufika pajani kwa mwenye paja nene zitajiviringisha tu, chukua za gotini. Nguvu milimita 20 hadi 30 za zebaki inatosha kwa wengi, ila kwanza wapime kama damu inashuka vizuri mpaka unyayoni, maana ateri, mishipa ya kushusha damu, zikiwa zimeziba soksi inaua vidole.

Mama Chapati

Za Kariakoo pakiti yake imeandikwa M. Naomba mnielewe, mimi sijawahi kuwa M hata nikiwa darasa la saba.

Binti Mikindani

Shikamoo mama zangu. Nimejisajili leo ili nijibu hapa tu.

Mama yangu mzazi, kilo 118, miaka 64, alifanyiwa ya joto Dar mwaka juzi, hospitali ya binafsi. Yeye alishafika kwenye kidonda, karibu miaka miwili tunafunga na kufungua. Nilikuwa naye chumbani kwa sababu hasikii vizuri sikio moja, nikawa namrudishia anachoambiwa.

Sitawadanganya, sindano za ganzi ziliuma. Si moja, ni nyingi, mstari mzima wa paja, na yeye kwa vile ana nyama ilibidi watumie maji mengi. Alikuwa anasoma aya kwa sauti. Baada ya hapo hakusikia kitu. Mashine yake ilikuwa ya mawimbi ya redio, inachoma kipande, inalia baada ya sekunde ishirini, daktari anavuta waya kidogo, inachoma tena. Mama akaniuliza, "Simu ya nani hiyo?" Kipande kwa kipande mpaka karibu na goti. Tulitoka siku hiyo hiyo, kavaa soksi yake, tukapanda bajaji.

Kidonda kilifunga wiki ya tisa. Kimebaki kiganzi kidogo ndani ya shavu la mguu, waliniambia kuna neva inapita jirani na mshipa. Uvimbe umepungua lakini haujaisha, na daktari alimwambia wazi kwamba uliobaki ni wa uzito.

Mambo mawili ambayo sikuyajua. Ule waya ni wa mgonjwa mmoja, ndiyo maana bei inapanda. Uliza kama ni mpya, na uone pakiti ikifunguliwa. La pili ni safari. Daktari alipojua tunatoka Mtwara alishtuka. Zaidi ya kilomita 550 umekaa kwenye basi, mnene, mguu umetoka kuchomwa leo, ni kuomba damu igande. Tulikaa kwa shangazi Mbagala wiki mbili, kila siku mama anatembea mpaka dukani na kurudi, akawa na sindano za kuzuia kuganda kwa siku kadhaa. Tuliporudi tulimshusha kila basi liliposimama. Nangurukuru alizunguka basi mara tatu, kondakta akadhani anatafuta tairi bovu.

Nesi Mstaafu, Lindi

Binti umesema la maana kuliko mimi. Niongeze tu dalili za kuganda, ndani ya wiki hizo: shavu la mguu mmoja livimbe ghafla, liwe gumu, moto, liume ukikunja unyayo, au kifua kibane na pumzi ikate. Hiyo ni ya kwenda saa hiyo hiyo, hata saa nane usiku.

Mkulima wa Nanyamba

Sasa hiyo bei binti ikoje? Mimi nilichanwa kwa bei ya mbuzi wawili.

Binti Mikindani

Baba, ya kwetu ilikuwa ng'ombe, na si ndama. Lakini mama aliwahi kulipa bandeji na usafi wa kidonda miaka miwili, nilipojumlisha nikanyamaza. Bima yake ililipa vipimo, utaratibu wenyewe wakakataa kwanza wakisema ni urembo. Tulipopeleka barua yenye picha ya kidonda, wakalipa sehemu. Mama Chapati kama una bima, piga picha hilo doa sasa.

Mama Chapati

Sina bima, nina mikorosho. Lakini picha nimepiga, mwanangu wa mwisho kashika taa.

Nesi, nina swali moja la aibu. Soksi zenyewe nitazivaaje? Tumbo linafika kwenye magoti kabla ya mikono kufika kwenye vidole. Zile za mwanzo nilivalishwa na binti yangu, na yeye anarudi chuo.

Nesi Mstaafu, Lindi

Hakuna aibu, wodini nimevalisha wanaume wenye vyeo. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa bila kucha kukitoboa. Igeuze soksi ndani nje mpaka kisiginoni, ingiza unyayo kwanza, kisigino kikae mahali pake, halafu ipandishe kidogo kidogo kwa viganja, usivute kwa juu. Kalia kiti kifupi, mguu uweke juu ya ndoo iliyopinduliwa. Zamani tulikuwa tunavisha mguu mfuko wa rambo kwanza ili uteleze, halafu tunauchomoa kwa mbele, kabla haijapigwa marufuku 2019. Kitambaa laini cha hariri kinafanya kazi hiyo hiyo. Ukiwa kwenye chuma usisimame kama nguzo, kila ukigeuza chapati inua visigino mara tano. Shavu la mguu ndiyo pampu ya damu.

Mama Chapati

Nimerudi baada ya miezi minne, samahani kwa ukimya. Msimu ulikuwa umechanganya na mtoto alikuwa na mitihani.

Dopla nimepimwa, nikiwa nimesimama juu ya kiti kidogo, dada wa watu anabana shavu la mguu na kuachia, mashine inafanya sauti kama upepo kwenye tundu la mlango. Mshipa mrefu wa kushoto unavuja kuanzia kinenani mpaka chini ya goti. Damu inarudi chini kwa sekunde tatu na zaidi, wakati ikipita nusu sekunde tu tayari ni kasoro. Upana wake milimita 9. Vena za ndani ziko wazi, hakuna damu iliyoganda. Mguu wa kulia hauna kitu. Nilipomwambia jirani kwamba si matende alionekana kusikitika kidogo, alikuwa ameshawaambia watu wengi.

Amlodipini daktari kanibadilishia. Wiki ya tatu kifundo cha kulia kimerudi kuwa kifundo, naona mfupa wake, nilikuwa nimeshausahau. Figo na moyo vimepimwa, salama.

Uzito: 97. Sikufanya maajabu. Nimehamisha ule ugali uwe saa kumi jioni, usiku nakunywa uji wa mtama, na asubuhi natembea kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda. Inaenda polepole na wiki ya mnada ilinirudisha kilo moja. Nilipita kwa yule daktari kijana kuchukua karatasi zangu, akaniambia, "Naona umepunguza." Nikamwambia, "Sita. Ulitaka ngapi?" Akacheka, na safari hii aliinuka akautazama mguu. Doa kalipima kwa rula, akaliandika.

Nimechagua joto. Daktari wa mishipa niliyemwona Dar alinieleza yote matatu bila kuharakisha. Alisema kuchana anaweza, ila kwa mkunjo wangu wa kinenani hapendi. Povu angeweza kulipiga, lakini kwa upana wa mshipa wangu aliona nitarudi mara mbili au tatu, na kila kurudi ni nauli na siku za chuma kuzimika. Joto ni bei kubwa ya mara moja. Vijishipa vya kwenye shavu la mguu anasema tuviache kwanza miezi mitatu, vingine vinanywea vyenyewe mkubwa ukishafungwa, vitakavyobaki ndiyo vipigwe povu kidogo. Uzito hakuugeuza kuwa sharti, alisema niendelee hivi hivi na nisirudishe. Nilimuuliza kuhusu waya mpya kama binti alivyonifundisha, akanionyesha pakiti na tarehe yake.

Naenda mwezi ujao, malipo ya korosho yakiingia. Dada yangu wa Mbagala kanitayarishia godoro la chini kwa wiki mbili, nimemwambia la juu, chini nitainukaje. Chuma nimemwachia mke wa mdogo wangu, chapati zake ni nene lakini wateja watavumilia. Soksi mpya ni za kipimo, saizi yake siisemi, glavu za njano ziko kwenye begi. Binti Mikindani, mlikaa siti gani mliporudi? Mimi nimemwomba wakala ile ya mlangoni, yenye nafasi ya kunyoosha mguu, ananiambia hiyo ni ya kondakta.

Binti Mikindani

Mwambie wakala utalipa siti ya kondakta na chapati mbili.